Padre si Mjumbe wa Mauti

Katika nyumba nyingi za Wakristo, mgonjwa azidiwapo, huwako neno moja ambalo kila mtu analo moyoni wala hakuna athubutuye kulitamka. Daktari amekwisha kuitwa, ndugu walio mbali wamepelekewa habari, hata fedha za gari zimekwisha kuchangwa. Lakini Padre hajaitwa. Mtu akigusia jambo hilo, jamaa humvuta kando na kumnong'oneza: "Nyamaza, shangazi, usimtishe mgonjwa. Akimwona Padre atajua kwamba anakufa." Basi siku hupita, mgonjwa hupotewa na fahamu, na hapo ndipo kijana hukimbizwa parokiani usiku wa manane. Padre afikapo hukuta mtu asiyeweza tena kuungama wala kupokea Komunyo Takatifu, au hukuta kilio kimekwisha kuanza.

Wasomaji wetu wapenzi, hatusemi haya ili kumwongezea uchungu mtu aliyefiwa. Tunayasema kwa ajili ya wale ambao bado wangali hai, waliolala leo vitandani mwao nyumbani na hospitalini, na kwa ajili yetu sote tutakaolala hapo siku moja. Mgonjwa Mkristo ana haki ya kuzipokea Sakramenti akiwa na akili zake timamu. Sheria ya Kanisa iliyotangazwa mwaka 1983, katika kanuni ya 922, yaagiza kwamba Komunyo ya mwisho isicheleweshwe mno, na wachungaji waangalie wagonjwa waipokee wakiwa bado na fahamu. Mtu anyamazaye kwa huruma humnyima ndugu yake haki hiyo bila kukusudia. Ndiyo maana twataka kulitazama jambo hili kwa utulivu: hofu hii yatoka wapi, nayo yashindwaje?

Mizizi miwili ya hofu

Mzizi wa kwanza umo ndani yetu sisi tulio wazima. Twadhani kwamba tusipoitaja mauti, mauti haitatukumbuka. Twasahau kwamba mgonjwa, mara nyingi, ajua hali yake kuliko tunavyodhani. Ausikia mwili wake ukidhoofika. Aona macho ya watoto wake yamevimba. Asikia mazungumzo yakikatika anapofumbua macho. Naye, kwa kuwapenda jamaa zake, hunyamaza ili asiwahuzunishe. Basi nyumba nzima yafichana: wao wamficha yeye, naye awaficha wao. Matokeo yake ni kwamba mtu huyo, ingawa amezungukwa na watu kumi, yuko peke yake mbele ya jambo kubwa kupita yote maishani mwake. Wahenga walisema kweli: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mzizi wa pili umo ndani ya mgonjwa mwenyewe, nao ni mrefu zaidi. Hauogopi uchungu wa mwili tu, bali waogopa kukutana na Mungu. Mtu akumbuka miaka aliyokaa bila kuungama, deni asilolilipa, ndugu asiyesemezana naye. Ajiona hana uso wa kumtazama Muumba wake. Hofu hii si jambo geni. Adamu, alipomkosea Mungu, alijificha kati ya miti ya bustani. Musa mbele ya kijiti kilichowaka moto alifunika uso wake. Nabii Isaya, alipouona utukufu wa Bwana hekaluni, alijihesabu kuwa amepotea, kwa maana midomo yake ilikuwa michafu. Petro, baada ya kuvua samaki wengi kwa neno la Yesu, alianguka magotini na kumsihi Bwana aondoke kwake kwa kuwa yeye ni mtu mwenye dhambi.

Lakini tuangalie vema Mungu aliwafanyia nini watu hao. Musa hakufukuzwa: aliambiwa avue viatu, kisha akatumwa Misri. Isaya hakuangamizwa: malaika aligusa midomo yake kwa kaa la moto kutoka madhabahuni, uovu wake ukaondolewa, naye akatumwa kwa watu. Petro hakuachwa pwani: aliambiwa asiogope, akafanywa mvuvi wa watu. Hata Adamu, ambaye dhambi yake ilimtoa bustanini, Mungu ndiye aliyemtafuta na kumwita, na kabla ya kumtoa alimfanyia vazi la kumsitiri. Basi twaona desturi ya Mungu ilivyo. Anayeogopa hafukuzwi, hutakaswa kwanza, kisha hukaribishwa.

Hofu ya mtumwa na hofu ya mwana

Je, twaambiwa tusimwogope Mungu kabisa? La hasha. Kumcha Bwana ni mojawapo ya mapaji saba ya Roho Mtakatifu tunayoyapokea katika Kipaimara. Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkuu wa karne ya 13, atufundisha kutofautisha hofu ya mtumwa na hofu ya mwana. Mtumwa aogopa adhabu. Mwana aogopa kumkosea baba yake na kutengana naye.

Tuchukue mfano wa watoto wawili wasikiao hatua za baba yao akirudi jioni. Mmoja amevunja mtungi; akimbilia nyuma ya ghala na kukaa gizani, maana awaza fimbo tu. Mwingine pia amevunja kitu. Moyo wamdunda, lakini aja mlangoni, aanza kulia kabla hajaulizwa, na kusema alilofanya. Wote wawili waogopa. Tofauti ni hii: hofu ya wa kwanza yampeleka mbali na baba, na hofu ya wa pili yampeleka kwa baba. Hapo ndipo penye kipimo chetu. Hofu ikutoayo kwenye Sakramenti si uchaji, hata ikivaa nguo ya unyenyekevu. Hofu ikupelekayo kwenye kiti cha Kitubio ni ya mwana, nayo ni mwanzo wa upendo. Mtume Yohane atuambia katika waraka wake wa kwanza kwamba upendo uliokamilika huifukuza hofu.

Jinsi jina lilivyotutisha

Yafaa tujue pia kwamba hofu ya Sakramenti ya wagonjwa ina historia yake. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, aagiza kwamba mtu akiwa mgonjwa awaite wazee wa Kanisa, nao wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Na kuomba kwa imani kutamwokoa, Bwana atamwinua, na dhambi zake atasamehewa. Tuone kwamba Mtume hasemi juu ya mtu aliyekwisha kukata roho. Asema juu ya mgonjwa, na tena mgonjwa mwenyewe ndiye aitaye. Mwaka 416 Papa Inosenti wa Kwanza, akimwandikia Askofu wa Gubbio katika Italia, aliyaeleza maneno hayo ya Yakobo kuwa yawahusu waamini walio wagonjwa.

Baadaye, katika Zama za Kati za Ulaya, desturi ilibadilika polepole. Watu wakaahirisha mpako hadi dakika za mwisho, na Sakramenti ikaitwa Mpako wa Mwisho. Walimu wa Kanisa walieleza kwamba jina hilo lilimaanisha wa mwisho katika hesabu ya mipako, baada ya ile ya Ubatizo, Kipaimara na Upadre. Walakini watu wengi walisikia neno "mwisho" wakaelewa kaburi. Huko Uingereza, katika karne ya 13, wengine walisadiki kwamba mtu aliyepakwa, hata akipona, haruhusiwi tena kuishi na mkewe kama mume wala kula nyama, na maaskofu walilazimika kuwafundisha kwamba hayo ni uzushi. Basi wale wasemao kwamba hofu hii ni ya Waafrika tu wanakosea. Ni udhaifu wa wanadamu wote.

Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha waziwazi kwamba mpako ni Sakramenti ya kweli iliyowekwa na Kristu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulisema kwamba jina lifaalo zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, na kwamba Sakramenti hii si ya wale tu walio katika dakika ya kufa. Wakati wake umekwisha kufika mara mtu aanzapo kuwa katika hatari kwa ajili ya ugonjwa au uzee. Papa Paulo wa Sita, tarehe 30 Novemba 1972, aliithibitisha ibada mpya: mgonjwa hupakwa kwenye paji la uso na mikononi, na mafuta yaweza kuwa ya zeituni au, yakikosekana, mafuta mengine yatokayo katika mimea.

Kwa hiyo mzee aliyedhoofika sana aweza kupakwa, ijapokuwa hana ugonjwa maalumu. Mtu atakayepasuliwa kwa ajili ya ugonjwa mzito aweza kupakwa kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji. Mtoto mgonjwa aliyekwisha kupata akili ya kutosha aweza kupakwa. Na aliyepakwa akapona, akiugua tena sana, apakwa tena. Vivyo hivyo ugonjwa uleule ukizidi. Jambo liwezalo kurudiwa mara nyingi lawezaje kuitwa hukumu ya kifo?

Sakramenti hii yafanya nini?

Kanisa latufundisha kwamba mpako huu humpa mgonjwa nguvu, amani na ushujaa wa kuyapokea mateso kwa Kikristo. Humwunganisha na Mateso ya Kristu. Humwondolea dhambi, kama hakuweza kuziungama. Humrudishia afya ya mwili, kama afya hiyo yafaa kwa wokovu wake. Na humtayarisha kwa safari ya kwenda uzimani. Haya yote ni msaada. Hakuna hata moja lililo tisho.

Baada ya kuungama na kupakwa huja Komunyo ya Safari, ambayo kwa Kilatini huitwa Viatikum, yaani masurufu ya njiani. Sisi twajua maana ya masurufu. Hakuna mama amwachaye mwanawe aende safari ndefu bila kumfungia chakula, wala hakuna asemaye, "Nisimpe chakula, asije akatambua kwamba anasafiri." Na hapa chakula cha njiani ni Bwana mwenyewe, ambaye katika bustani ya Getsemani alishikwa na hofu na fadhaa kama sisi, akaomba, akasimama, akaenda. Mgonjwa ampokeaye haendi kwa mtu asiyejua kuogopa ni nini.

Mifano miwili ya Afrika

Mtakatifu Agostino alikuwa Askofu wa Hippo, mji ulioko katika nchi iitwayo leo Algeria. Mwaka 430, mji ukiwa umezingirwa na majeshi ya Wavandali, aliugua homa. Rafiki yake Possidius, aliyeandika habari za maisha yake, asimulia kwamba Agostino aliamuru Zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani, azione akiwa kitandani. Akazisoma kwa machozi mengi. Kwa muda wa siku kumi hivi aliomba asiingiliwe na watu ila waganga walipokuja na chakula kilipoletwa, ili apate kusali. Mtu huyu alikuwa amehubiri kwa miaka karibu 40, naye alifundisha kwamba hata Mkristo mwema asitoke duniani bila toba ifaayo. Alilia, lakini hakujificha. Hiyo ndiyo hofu ya mwana.

Mfano wa pili u karibu nasi zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo katika Buganda, vijana wa kasri la Kabaka Mwanga walijua kwamba kesho yao ni hukumu. Wanne kati yao walikuwa wakatekumeni, hawajabatizwa. Padre hakuwapo pamoja nao. Basi Karoli Lwanga, ambaye hakuwa Padre bali mlei aliyebatizwa mwaka uliotangulia, aliwabatiza usiku uleule. Mmoja wao alikuwa Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Inasimuliwa kwamba Kizito aliogopa, naye Lwanga alimwahidi kumshika mkono saa itakapofika. Walipelekwa Namugongo, wakafungwa huko kwa siku kadhaa wakisali pamoja, na tarehe 3 Juni wakachomwa moto. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa Watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Twajifunza nini hapo? Lwanga hakumwambia mtoto yule, "Usiwaze, hakuna kitakachotokea." Hakumdanganya. Alimpa mambo mawili: Sakramenti, na mkono wa kushika. Hayo mawili ndiyo anayoyahitaji kila mgonjwa, na yote mawili yamo katika uwezo wa jamaa ya Kikristo. Sakramenti huziletwa na Padre; mkono ni wetu.

Majibu kwa wenye mashaka

Wengine husema: "Mgonjwa atashtuka." Huenda akashtuka kidogo, hasa kama maisha yake yote amefundishwa kwamba Padre huja kufunga hesabu. Dawa yake ni kumwita mapema, ugonjwa ungali mwanzoni, na kusema naye kwa upole, bila hila. Mwana aweza kusema: "Baba, tungependa Padre aje akuombee na kukuletea Komunyo. Wewe waonaje?" Mara nyingi jibu litakuwa lile ambalo mzee alikuwa akilingojea tangu juma lililopita: "Mwanangu, nilidhani hamtaniuliza."

Wengine husema: "Hajaungama miaka ishirini, anaona haya." Huyo ndiye hasa wa kumwitia Padre. Katika hatari ya kufa Kanisa hufungua milango yote: Padre ye yote, hata asiye na ruhusa ya kawaida ya kuungamisha, aweza kumwondolea dhambi zake mwenye kutubu. Na mtu ambaye ndoa yake haikufungwa Kanisani asikate tamaa wala asikatishwe tamaa na majirani. Padre aitwe, tena upesi, maana kwa mambo kama hayo pia Kanisa limeweka sheria za huruma, na zahitaji muda na akili timamu ya mgonjwa.

Wengine husema: "Amekwisha kupotewa na fahamu, Padre wa nini tena?" Aitwe hata hivyo. Mgonjwa ambaye alipokuwa na akili zake angaliomba Sakramenti hii, ingawa kwa moyo tu, hupewa mpako. Na kama kuna shaka kwamba amekufa au bado, Padre aweza kumpaka. Ikiwa ni hakika kwamba amekufa, Padre hampaki maiti, bali humwombea marehemu pamoja na jamaa zake.

Na kama mgonjwa hajabatizwa naye ataka Ubatizo, wala Padre au shemasi hapatikani, mtu ye yote mwenye nia ya kufanya lifanyalo Kanisa aweza kumbatiza kwa maji na kwa maneno ya Ubatizo, kama Lwanga alivyofanya. Kila baba na mama wa familia yampasa kuyajua maneno hayo kwa moyo.

Namna ya kujitayarisha

Padre akiitwa, chumba kisafishwe. Iwekwe meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na maji ya baraka, pamoja na glasi ya maji ya kumsaidia mgonjwa kumeza. Mgonjwa na wale wamtunzao hawafungwi na sheria ya kufunga chakula kabla ya Komunyo. Wakati wa maungamo wote watoke nje. Kisha warudi wasali pamoja, watoto nao wasifukuzwe. Mtoto aonaye babu yake akipakwa mafuta huku jamaa wakisali kwa amani, amepata somo ambalo hatalisahau. Na mgonjwa akiwa hospitalini, Padre apewe jina lake, wodi na kitanda. Simu ya mkononi, iliyomo leo katika nyumba nyingi, yaweza kufanya kwa dakika moja kazi ambayo zamani ilihitaji baiskeli na nusu ya siku.

Lakini matayarisho makubwa huanza tungali wazima. Mtu asiyezoea kukaa mbele ya Mungu atajionaje mgeni siku ya kuitwa! Kila jioni, kabla ya kulala, tujiulize tumeishije siku hiyo, tukafanye tendo la majuto kwa moyo wa kweli. Tuungame mara kwa mara, si Pasaka na Noeli tu. Tupatane na ndugu zetu kabla hawajalazimika kuja kutupatanisha kitandani. Tukisali Rozari tukumbuke kwamba katika kila Salamu Maria twamwomba Mama wa Mungu kwa ajili ya saa mbili, saa hii na saa ya kufa kwetu. Ipo siku saa hizo mbili zitakuwa moja. Kanisa latufariji tena: mtu aliye na moyo mwema, aliyezoea kusali sala fulani maishani mwake, akifa pasipo Padre wa kumletea Sakramenti na baraka, Kanisa humjalia rehema kamili saa ya kufa kwake.

Basi, wazazi, semeni na watoto wenu juu ya jambo hili sasa, wakati hakuna agonjwaye nyumbani. Waambieni waziwazi: "Siku nitakapougua sana, niitieni Padre mapema, msiogope kwamba nitaogopa." Neno hilo moja, likisemwa leo mezani, litawaondolea mzigo mzito siku ile, wala hapatakuwa na haja ya kunong'onezana nje ya mlango.

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Padre abishaye hodi kwa mgonjwa hakutumwa na mauti. Ametumwa na Yule aliye Tabibu wa roho na miili, naye hakuja mikono mitupu. Tumfungulie mlango kukiwa bado mchana.